Nani Yumo Kwenye Orodha: Vyuo vya Marekani na Pesa za Korona

Kazi yangu ni ofisi ya misaada ya wanafunzi, kwenye chuo cha miaka miwili huku katikati ya Marekani. Ndugu zangu Tanga wakiniuliza ninafanya nini hasa, huwa nawaambia: ni kama watu wa bodi ya mikopo, ila mimi siko bodi, niko chuoni penyewe, mwanafunzi akikwama hela ananijia mimi kwanza. Maelezo hayo huwatosha. Mimi hayakunitosha mwaka 2020, serikali ya shirikisho ilipomwaga pesa vyuoni kwa ajili ya korona na ofisi kama yetu zikaambiwa: gaweni.

Wengi waliofuatilia habari ile waliijua kwa ukubwa wake. Sheria ya CARES, iliyotiwa saini Machi 27, 2020, ilikuwa ya dola trilioni mbili na ushee. Elimu ya juu ilitengewa kama dola bilioni 14. Sehemu kubwa iligawiwa vyuo kwa fomula, na walau nusu ya sehemu hiyo, yaani kama dola bilioni 6.3, ilipaswa ifike mikononi mwa wanafunzi wenyewe. Ni ruzuku: hairudishwi wala haitozwi kodi. Ukisikia tarakimu hizo utadhani kazi iliyobaki ni kubonyeza kitufe tu. Lakini pesa ya serikali humwendea aliyemo kwenye orodha. Kama mwenye shida naye yumo, heri yake. Karibu kila ubishi niliousikia miezi ile, uwe wa ofisini kwetu au wa mahakamani, ulikuwa ubishi wa orodha.

Hali ilikuwa hivi. Katikati ya Machi vyuo vilifungwa, vingine kwa notisi ya siku chache. Harvard iliwaambia wanafunzi wake Machi 10 kwamba ifikapo Machi 15 wawe wameshaondoka mabwenini. Chuo chetu hakina mabweni. Wanafunzi wetu wamepanga mjini, wengi wana watoto, na karibu wote wanafanya kazi: migahawani, hotelini, kwenye maghala, kwenye nyumba za kutunzia wazee. Walipoambiwa masomo yanahamia mtandaoni, tayari wengine walikuwa wameshaambiwa wasije kazini. Mtoto naye karudi nyumbani kwa sababu shule imefungwa. Simu moja ikawa darasa la mama asubuhi na darasa la mtoto mchana, na kifurushi cha intaneti kikaisha kabla ya mwezi. Tuliacha intaneti ya chuo ikiwaka hadi maegesho ya magari, na jioni ungewakuta watu wamekaa ndani ya magari yao wanafanya mtihani.

Ile hundi ya dola 1,200 ambayo serikali iliwapa watu wazima iliwaruka wengi wao. Kijana wa miaka 19 aliyeandikwa na mzazi wake kwenye fomu za kodi kama tegemezi hakupata kitu. Mzazi naye hakupata ile dola 500 ya mtoto, maana ilikomea kwa walio chini ya miaka 17. Kundi zima la vijana likadondoka katikati. Kituo cha Hope cha Chuo Kikuu cha Temple kilifanya utafiti Aprili na Mei mwaka ule, kikakuta karibu wanafunzi watatu kati ya watano wana upungufu wa chakula au hawana uhakika wa pa kulala. Sisi wa vyuo vidogo hatukushtuka; tulishangaa kidogo kwamba hao wawili waliobaki wapo.

Fomula yenyewe ilikuwa na jambo ambalo nadhani halikusemwa vya kutosha. Asilimia 75 ya mgao ilifuata wanafunzi wenye ruzuku ya Pell, ile wanayopewa watoto wa familia za kipato cha chini, na asilimia 25 ikafuata wengine. Waliokuwa wakisoma mtandaoni tupu kabla ya janga waliachwa nje. Hadi hapo unaweza kuelewa. Tatizo ni kwamba wanafunzi hawakuhesabiwa kwa vichwa. Walijumlishwa hadi wapatikane wanafunzi wa muda wote, kwa hiyo wawili wanaosoma nusu nusu wakawa mtu mmoja. Chuo kikuu kilichojaa vijana wa muda wote kilihesabiwa watu kamili. Chuo kama chetu, ambako mama wa watoto watatu anachukua masomo mawili kwa muhula kwa sababu zamu za ghala hazimruhusu zaidi, kilihesabiwa vipande vya watu. Mama huyo kodi ya nyumba halipi nusu, wala watoto wake hawali nusu. Lakini kwenye hesabu ya Washington alikuwa nusu mwanafunzi, na pesa iliyokuja kwa ajili yake ilikuwa ya nusu mwanafunzi.

Aprili 9 waziri wa elimu wa wakati huo, Betsy DeVos, aliviandikia vyuo barua. Ilikuwa barua nzuri, nasema kweli. Iliviachia vyuo uhuru mkubwa wa kuamua nani apewe na kwa njia gani, ikashauri wenye shida kubwa watangulizwe, na kwamba pengine chuo kiweke kikomo kwa kila mtu. Ikataja dola 6,195, kiwango cha juu cha Pell mwaka ule, kama mfano. Pesa iwe ya chakula, makazi, vitabu na vifaa, kompyuta, matibabu, malezi ya watoto. Tulikaa kikao kwenye Zoom, kila mtu jikoni kwake, tukaanza kupanga. Mkuu wangu wa kazi alitaka kila aliyesajiliwa apate kitu.

Aprili 21 yakaja maelekezo mengine kutoka wizara hiyo hiyo. Sasa pesa ni kwa wanafunzi wanaostahili misaada ya kawaida ya shirikisho peke yao. Kwa lugha ya ofisini: yule anayeweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba misaada ya masomo ya shirikisho, na ikapita. Sentensi moja ile ikafuta watu wengi sana. Wasio na hati za ukaazi, nje. Vijana wa DACA, walioletwa nchini wakiwa wadogo, nje. Wenye viza ya mwanafunzi, nje. Anayesubiri jibu la ombi lake la hifadhi, nje. Na msidhani ni wageni peke yao. Raia wa kuzaliwa ambaye hakumaliza sekondari, raia aliyeacha kulipa mkopo wake wa zamani, raia ambaye alama zake zilishuka chini ya kiwango, nao pia nje. Mwanamume aliyesahau kujiandikisha kwenye daftari la jeshi alipotimiza miaka 18 alikuwa anakosa hela ya unga kwa sababu hiyo. Kigezo kile kilitungwa kwa ajili ya misaada ya masomo ya miaka mingi, nacho kikabandikwa juu ya hela ya kununulia maziwa ya mtoto wiki ijayo.

Nitasimulia wawili, bila majina. Wote wanazungumza Kiswahili, ndiyo maana walinipigia mimi na si mwenzangu wa dirisha la pili. Wa kwanza ni mama wa Kikongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, akaletwa Marekani kama mkimbizi pamoja na wanawe. Mkimbizi anastahili misaada ya shirikisho. Fomu yake ilikuwa imeshapita tangu mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakuomba chochote, pesa ilimwangukia benki. Badala ya kufurahi, akaogopa. "Dada," aliniambia, "hizi pesa nitazirudisha lini?" Nilimweleza hazirudishwi. Akauliza kama zitamharibia grinkadi. Mwaka ule kulikuwa na kanuni mpya, iliyoanza kutumika Februari 24, iliyowatisha wahamiaji kwamba ukipokea msaada wa serikali utahesabiwa mzigo kwa nchi. Haikuwahusu wakimbizi, lakini uvumi haubagui. Alizikalia zile pesa wiki kadhaa bila kuzigusa, na mwenye nyumba anamdai.

Wa pili ni kijana wa Kenya mwenye viza ya mwanafunzi. Viza ile kwa kawaida humruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, naye kazi yake ilikuwa maktaba. Maktaba ikafungwa. Nyumbani nako biashara ya wazazi ililala. Kenya ilikuwa imefunga shule na vyuo, na tangu Machi 27 kafyu ya usiku ilikuwa imeanza. "Anti, nimesikia chuo kinapeana pesa," akaniambia, "na mimi nalipa ada kuliko hawa wote." Ni kweli, anayetoka nje ya nchi hulipa ada ya juu kabisa. Nilimweleza sheria ilivyo. Akanyamaza, kisha akaniuliza mimi nilipataje kubaki nchi hii, swali ambalo halikuwa na uhusiano, ila nilimwelewa.

Kwa watu kama yeye tulikuwa na mfuko wa wafadhili wa chuo, ambao ni michango ya wafanyabiashara wa mjini na walimu wastaafu. Dola mia chache kwa mtu, na kadi za kununulia chakula. Vyuo vingi vilifanya hivyo hivyo, vikachangisha haraka haraka, na nawavulia kofia. Ila mfuko wa hisani una kina chake, na wetu ulionekana sakafu mapema. Kana kwamba hiyo haikutosha, Julai 6 idara ya uhamiaji ikatangaza kwamba mgeni ambaye masomo yake yote ni ya mtandaoni aondoke nchini. Harvard na MIT zikaenda mahakamani, na tamko likafutwa Julai 14. Siku nane tu, lakini kijana yule alikuwa ameshaanza kuuza vitu vyake.

Mahakama ziliingia pia kwenye pesa zenyewe. Mfumo wa vyuo vya jamii vya California, yaani vyuo vya miaka miwili kama chetu, ambao una wanafunzi wengi wasio na hati, ulimshitaki waziri mwezi Mei, na jimbo la Washington likafanya vivyo hivyo. Juni majaji wa shirikisho wakazuia vigezo vile visitumike huko, kwa viwango tofauti. Sisi si California. Mwanasheria wa chuo chetu alisema tusubiri, na kusubiri kwa mwanasheria hakuna tarehe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilitugawa wenyewe: uombe au upewe? Upande mmoja ulitaka fomu. Mwanafunzi aingie kwenye tovuti, aeleze hasara yake, aambatishe ushahidi, na kamati isome. Hoja yao ni kwamba pesa ni kidogo na isiende kwa mwenye baba tajiri. Upande wa pili, ambao nilikuwemo, ulitaka tuchukue orodha ya wenye Pell na wenye kipato cha chini, tugawe kwa viwango, tuwawekee bila kuwauliza neno. Tukishindwa kuwa na haki kamili, walau tutakuwa na haraka.

Nilishawahi kusoma maombi ya namna ile, na najua yanavyokuwa. Fomu ikisema "eleza kwa aya moja jinsi janga lilivyokuathiri", anayepata ni anayejua kuandika aya. Yule anayelala kwenye gari huandika: "Nimepoteza kazi. Asante." Na wapo wasioomba kabisa. Niliwapigia wengine kuwahimiza, nikajibiwa tena na tena jibu lile lile, kwamba wapo wenye shida kuliko mimi, wape wao. Aliyenijibu hivyo mara nyingi alikuwa amekatiwa umeme. Wenye uhakika wa maisha hawana haya hiyo. Walijaza fomu usiku ule ule.

Lakini wenzangu wa fomu nao walikuwa na jambo lao, na ni jambo zito. FAFSA ya mwaka wa masomo 2019–20 ilitumia kipato cha mwaka 2017. Familia iliyokuwa na mgahawa unaokwenda vizuri mwaka 2017, ukafungwa Machi 2020, kwenye orodha yetu ilionekana imeshiba. Mtoto wao asingeonekana hata kwa darubini. Orodha tuliyokuwa nayo ilikuwa picha ya miaka mitatu nyuma, na sisi tulitaka kuitumia kujua leo nani hajala.

Tuliishia katikati, kama vyuo vingi vilivyoishia. Sehemu kubwa ilikwenda moja kwa moja, bila fomu, kwa walio kwenye orodha, kwa viwango vitatu kulingana na kipato na idadi ya masomo. Sehemu iliyobaki tuliiwekea fomu fupi kwa wale ambao mambo yao yalibadilika. Nilipigania fomu ile isiwe na aya. Iwe na visanduku vya kutia alama na mahali pa kuandika namba ya usajili. Ushahidi ukawa saini yake. Mkaguzi wetu wa ndani hakulala vizuri, lakini wizara ilikuwa inaturuhusu.

Kupeleka pesa nako ni kisa. Aliyekuwa ametupa namba ya akaunti ya benki alipata ndani ya siku chache. Asiyekuwa na akaunti alitumiwa hundi kwa posta, kwenye anwani aliyoiandika siku ya kujisajili, na miezi ile watu walikuwa wamehama kurudi kwa mama zao. Hundi zikarudi na muhuri wa posta, tukazifungulia bahasha upya. Wenzetu wa vyuo vyenye mabweni waliniambia kwao zilikwenda kwenye visanduku vya barua vya majengo yaliyofungwa kwa kufuli. Nyumbani tungemrushia mtu kwenye simu, akatoa kwa wakala aliye mtaani kwake dakika ile ile. Hapa, nchi tajiri kuliko zote, tulikuwa tunalamba bahasha.

Vyuo tajiri vilichukua vichwa vya habari. Harvard ilikuwa imetengewa kama dola milioni 8.6, Rais Trump akaisema hadharani, ikazikataa. Stanford, Princeton na Yale nazo zikasema hazitaki. Watu walishangilia. Sina ugomvi nao, Harvard wakati huo ilikuwa na hazina ya dola bilioni kama 40 na wanafunzi wake haikuwatupa. Nilikereka tu kwamba mazungumzo ya nchi nzima yaligeukia vyuo vinne, wakati kule chini nusu mwanafunzi wangu anangoja hundi iliyopotea posta.

Awamu za baadaye zilisahihisha mengi. Sheria ya Desemba 27, 2020 iliongeza kama dola bilioni 22.7, na ile ya Machi 11, 2021 karibu bilioni 40. Fomula ikaanza kuhesabu vichwa pamoja na ile hesabu ya zamani, na mama wa masomo mawili akakaribia kuwa mtu kamili. Wa mtandaoni wakaruhusiwa. Kisha Mei 2021, chini ya waziri mpya Miguel Cardona, ikatoka kanuni: yeyote aliyekuwa amesajiliwa tarehe 13 Machi 2020 au baada yake anaweza kupewa, raia au mgeni, mwenye hati au asiye nazo. Nilisoma kanuni ile mara mbili, nikampigia kijana wa Kenya kabla sijamwambia mkuu wangu. Alikuwa ameshahamia jimbo jingine kwa binamu yake, ameacha chuo. Kanuni ilimruhusu kupata hata hivyo. Alipata.

Hakuwa peke yake aliyeondoka. Tulipopitia majina ya muhula ule wa masika wa 2020 ili kuwatafuta walioachwa, simu nyingi zilikuwa hazipatikani tena. Pesa ya dharura iliyokuja baada ya mwaka mmoja inamkuta mtu ameshatafuta dharura yake mahali pengine.

Ndipo nikaona kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwa wahasibu. Katika awamu hizo za baadaye vyuo viliruhusiwa kutumia ile sehemu ya pesa iliyobaki kwa chuo chenyewe kufuta madeni ambayo wanafunzi walidaiwa na chuo. Chuo kikuu cha Delaware State kilifuta deni la wahitimu zaidi ya 220 waliokwama nalo wakati wa janga. Chuo kikuu cha jiji la New York, CUNY, kilitangaza mpango wa kufuta hadi dola milioni 125. Chetu nacho kikafanya kwa kiasi chake. Na kwa hilo hatukuhitaji FAFSA, wala aya, wala kamati, kwa sababu chuo chochote kinaweza kukosa kujua nani ana njaa, lakini kinamdai nani kinajua hadi senti. Orodha ya wadeni ilikuwepo siku zote, imekamilika, ina raia na wageni, nusu wanafunzi na wanafunzi kamili. Ilikuwa inatumika kuwazuia watu wasipewe transkripti zao, yaani hati za matokeo ya masomo.

Tuliwatumia barua pepe: deni lako ni sifuri. Wengi walidhani ni matapeli. Mmoja, mzee wa makamo aliyekuwa akisomea uuguzi kabla ya korona, alinipigia kuhakikisha, kisha akaniuliza kama transkripti inatoka leo au kesho, maana kuna chuo kinamhitaji Ijumaa. Nilimtolea siku ile ile.

Muda wa kutumia pesa za shirikisho uliisha Juni 30, 2023. Tumebaki na mfuko wetu wa wafadhili, dola mia chache kwa mtu, na fomu ya visanduku. Mwaka jana mtu mpya ofisini alipendekeza tuiongezee aya.